Neti umeweka, mboga bado zinaliwa: tafuta kasoro hapa

Kila msimu napigiwa simu zilezile. Mtu kadunduliza fedha, kanunua neti, kafunika tuta lake la sukuma au nyanya, na wiki ya tatu anakuta majani yamebaki mishipa. Neno la kwanza linalomtoka ni "nimeuziwa neti feki." Nimeshaingia kwenye bustani za namna hiyo huku Arusha, Tengeru, Usa River na huko chini Kikwe, na mara nyingi neti yenyewe haina kosa. Kosa lipo kwenye pindo la chini, au mlangoni, au ni la siku ile neti ilipowekwa.

Neti haichagui. Inafungia nje, na inafungia ndani. Mdudu aliyekwisha kuwamo siku unafunika, umemjengea nyumba isiyo na ndege wala nyigu wa kumla. Joto lililokuwa likichukuliwa na upepo linabaki humo. Nyuki aliyekuwa akija kwenye ua la tango anabaki nje anazunguka. Kwa hiyo kila ukiona dalili, jiulize maswali mawili: nini kimepita, na nini kimefungiwa.

Kwanza mjue anayekula

Usiguse neti kabla ya hatua hii. Nenda bustanini mara mbili kwa siku moja: alfajiri kabla watu hawajaanza kupitapita, na saa mbili usiku ukiwa na tochi.

Jani lililonyofolewa vipande vipande kuanzia pembeni, mshipa wa kati ukabaki umesimama, hiyo ni kazi ya ndege. Huku kwetu mara nyingi ni kuzumburu, yule wa rangi ya vumbi mwenye kishungi na mkia mrefu. Haji peke yake, huja na ukoo mzima, na anapenda saladi, sukuma changa na njegere. Nyanya iliyodonolewa upande ulioanza kuiva, nayo ni ndege. Mche uliong'olewa na kuachwa palepale ni kuku au kunguru. Watu wa pwani wanamjua vizuri yule kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa mpaka bara.

Mche uliokatwa usawa wa udongo kama kwa mkasi ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Fukua udongo kwa kidole kuuzunguka, sentimita 2 au 3 tu, utamkuta amejikunja kama pete. Ute unaong'aa ni konokono. Vidirisha vyembamba kwenye jani la kabichi, ngozi ya juu ikiwa imebaki kama karatasi ya nailoni, ni viwavi wadogo wa kijani wa nondo mgongo almasi. Jani la nyanya lenye mabaka yaliyochunwa ndani, ukilielekeza kwenye jua unaona chembe nyeusi za kinyesi, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo wa nyanya, aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 na tangu hapo hajatuacha.

Ukishamjua mlaji, nusu ya kazi imekwisha, maana sota haji kupitia juu na kuzumburu haji kupitia ardhini.

Dalili: ndege wanaonekana ndani ya neti

Sababu ya kwanza, na kwa mbali kuliko zote, ni pindo la chini. Ndege hatoboi neti, anatembea. Anatua nje ya tuta, anafuata ukingo kwa miguu mpaka apate pengo, kisha anaingia, na mwenzake anamfuata. Kuku ndiye bingwa wa jambo hili, kwa sababu anachakura mpaka pengo lipatikane.

Jinsi ya kukagua: piga magoti. Zunguka tuta lote ukipitisha kiganja chini ya pindo. Popote ngumi yako inapopita bila kusukuma, ndege anapita. Mwaka juzi nilisumbuka wiki nzima na kuzumburu waliokuwa wakiingia kwenye saladi zangu. Nilikuwa nimezunguka nimesimama mara tatu, nikaona kila kitu kiko sawa. Nilipopiga magoti nikaliona: mpira wa kumwagilia ulipita chini ya neti kwenye kona, ukaiinua, na nyuma yake palikuwa na pengo la kama shubiri moja na nusu, limefichwa na majani ya boga. Udongo pale ulikuwa umelainishwa kwa nyayo, na manyoya mawili madogo yalikuwa yamenasa kwenye uzi.

Mawe juu ya pindo hayatoshi, maana kati ya jiwe na jiwe neti hujikunja na kuacha mlango. Chimba mfereji wa sentimita 15 hadi 20, laza pindo humo, rudishia udongo na ushindilie kwa mguu. Kama unavuna kila siku upande mmoja, upande huo usiufukie. Funga pindo kwenye mwanzi mrefu au bomba, liviringe mara mbili, ulilaze chini. Ukitaka kuingia unaviringa juu, ukitoka unaangusha.

Sababu ya pili ni maungio. Vipande viwili vya neti vilivyogusanishwa tu huachana upepo ukivuma. Vipandishe kimoja juu ya kingine walau sentimita 30, kisha shona kwa uzi wa nailoni. Fundi cherehani wa mtaani anashona neti nyembamba kwa dakika chache, na kazi yake huwa safi kuliko ya kufungafunga kwa waya.

Ya tatu ni tundu kubwa mno. Neti ya ndege yenye tundu la milimita 15 hadi 20 inawazuia wengi wanaosumbua mboga. Nyavu kuukuu za kuvulia samaki, ambazo watu wa pwani na wa ziwani huzipata kwa bei ndogo, nyingine zina tundu ambalo chiriku anapita bila kukunja bawa, na nyingine zina hatari nitakayoieleza mbele. Pima kwa rula kabla ya kununua.

Kama mlaji wako ni tumbili au ngedere, acha kuongeza neti. Anafungua, anachana, anafundisha na watoto wake. Hapo unahitaji mlinzi, mbwa, au ushauri wa ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako.

Dalili: hakuna ndege ndani, lakini mboga za juu na za pembeni zimedonolewa

Neti imelalia mazao. Ndege anatua juu yake, uzito wake unaisukuma chini, na mdomo unapita tunduni. Nondo naye hufanya vilevile kimyakimya: anakaa juu ya neti usiku na kutaga mayai kwenye jani lililogusa. Inua neti. Weka matao ya mabomba ya plastiki ya nusu inchi au fito za mianzi, moja kila baada ya mita moja, na yawe marefu kiasi kwamba mmea ukikomaa ubaki na nafasi ya walau sentimita 20 hadi 30 juu na pembeni. Wengi wanapima matao mche ukiwa mdogo, kisha kabichi inajaa na kusukuma kuta.

Dalili: ndege, popo au nyoka amenasa kwenye neti

Hii naiandika kwa uchungu, kwa sababu nimeshamtoa bundi kwenye neti ya jirani akiwa tayari amevunjika bawa, na bundi yule alikuwa akija kukamata panya waliokuwa wakila karoti zake.

Sababu ya kawaida ni neti iliyolegea. Ndege akigonga neti iliyokazwa hurudi nyuma, ila akigonga iliyolegea anaviringwa. Inayofuata ni uzi wenyewe: nyavu za uzi mmoja mwembamba wa nailoni unaong'aa hazionekani, na hukata nyama. Zisiwekwe bustanini kabisa. Ya mwisho ni neti iliyobaki imetupwa chini kama chungu, ambayo nyoka huingia akitafuta panya au kivuli na magamba yakanasa.

Kaza neti mpaka ukiipiga kwa kiganja iruke. Chagua nyeupe, inaonekana usiku. Katika jimbo la Victoria, Australia, tangu Septemba 2021 sheria inataka neti za mimea ya nyumbani ziwe na tundu lisilozidi milimita 5 kwa 5 zikivutwa, ili wanyama wasinase. Kipimo chao cha mkono ni rahisi: kidole kikipita tunduni, tundu ni kubwa. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba naona ni kipimo kizuri hata kwetu, japo neti yake ni ghali kidogo.

Ndege aliyenasa mfunike kwa kanga au kitambaa atulie, kisha kata neti kwa mkasi. Usimvute. Neti itashonwa, mguu wake hautashonwa.

Simama hapa: ukikuta nyoka, usimguse hata kama anaonekana amekufa, na usijaribu kumkata kwenye neti. Ondoa watoto na mbwa, kaa mbali, mwite mtu wa wanyamapori au mtaalamu wa nyoka. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe na apelekwe hospitali mara moja. Bundi, tai na ndege wengine wakubwa wenye kucha nao ni kazi ya wanyamapori.

Dalili: neti imefungwa vizuri, na viwavi wamejaa ndani

Hii ndiyo simu ninayoipokea zaidi ya zote, na ndiyo inayowavunja watu moyo. Mama mmoja jirani yangu aliniita, nikamwamkia, hata kiti hakunipa: "Mwanangu, njoo uone. Nimefunga kama nilivyofunga chandarua cha mjukuu wangu, na ndani ni viwavi tupu." Alikuwa mkweli. Pindo lilikuwa limefukiwa, hakuna tundu hata moja. Nikamuuliza kabichi zilikaa siku ngapi shambani kabla ya kufunikwa. Kumi na nne. Alikuwa anasubiri neti ifike kutoka mjini.

Siku kumi na nne ni nyingi mno. Nondo mgongo almasi hutaga kwenye miche siku za mwanzo kabisa, na kwenye joto kizazi kizima, kutoka yai hadi nondo mwingine, huchukua kama wiki tatu. Kwa hiyo yule mama alifunika mayai na viwavi, viwavi wakawa nondo, nondo wakataga humohumo, na nyigu wadogo wanaokula viwavi walikuwa nje.

Sababu, kwa mfuatano ninaoukuta:

1. *Neti iliwekwa baada ya kupanda.* Neti inawekwa siku ileile ya kupandikiza, kabla jua halijazama, kwa sababu nondo wengi huruka jioni na usiku. Ukichelewa hata usiku mmoja, kagua kila jani chini yake.

2. *Miche ilikuja na mzigo.* Miche ya kununua nayo huja na mayai na wadudu. Msimu mmoja nilichukua miche ya nyanya kwenye kitalu kimoja, nikaifunika siku hiyohiyo nikijisifu, na baada ya wiki chache inzi weupe walikuwa wakiruka kama vumbi kila nikigusa shina. Sikuwa nimegeuza jani hata moja kabla ya kulipa. Sasa nageuza majani ya miche kumi, ya chini na ya katikati, nikiwa na kioo cha kukuzia. Kitalu chako mwenyewe nacho kifunike tangu siku ya kusia mbegu.

3. *Udongo ulikuwa na wageni.* Kantangaze anapomaliza kula, wengi hushuka na kugeuka pupa (bundo) kwenye udongo, kisha nondo. Ukipanda nyanya palipotoka nyanya, bilinganya, viazi mviringo au mnafu, wanachipuka chini ya neti yako. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Sota naye yumo udongoni tayari. Zungusha mazao: tuta lililotoka nyanya lipewe karoti, vitunguu au sukuma. Mabaki usiyaache pembeni ya shamba. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, funga mdomo, acha juani.

4. *Mlango.* Kila ukifungua jioni kuvuna mboga za usiku, unapokea wageni. Ingia asubuhi jua likiwa limetoka. Banda kubwa la kuingia mtu liwe na milango miwili yenye kijichumba katikati, wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa.

Nini cha kufanya wakati tayari wamo? Usivue neti kwa hasira. Kwa tuta dogo, okota kwa mkono siku tatu mfululizo, kila jani, na majani yaliyoharibika sana uyatoe. Kisha rudia baada ya siku tano, kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Kwa kantangaze weka mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni ndani ya neti. Utakuonyesha wako wangapi na utapunguza madume. Dawa ya kibiolojia yenye bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) inaua viwavi wadogo bila kuwagusa nyuki. Pulizia jioni, kwa sababu jua huimaliza nguvu, na lenga chini ya majani.

Simama hapa: usipulize sumu kali ukiwa ndani ya neti iliyofungwa. Hewa haizunguki, na unaivuta yote. Kunja neti pande mbili, vaa barakoa, glavu na nguo ndefu, na usirudi ndani mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Ukianza kuumwa kichwa, kutokwa na jasho jingi au mate, kutapika, kutetemeka au kuona ukungu machoni, toka, vua nguo, oga kwa sabuni, nenda hospitali na chupa ya dawa au lebo yake. Usijitapishe. Na kama umepuliza mara mbili viwavi wakabaki, usiongeze kipimo. Mwite afisa ugani. Kantangaze na nondo mgongo almasi wote wamezoea dawa nyingi, na kuongeza dozi ni kujilisha sumu mwenyewe.

Dalili: viwavi hakuna, lakini vidukari, inzi weupe au thripsi wapo

Hapa ndipo neti yenyewe inaweza kuwa na kosa, na kosa ni tundu. Neti za matundu ya milimita 0.9 hivi zinazuia nondo, vipepeo na inzi wakubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, Kenya, walizijaribu neti za 0.9 na za 0.4 zilizotengenezwa Arusha kwenye kabichi na nyanya, na wadudu walipungua ukilinganisha na shamba la wazi. Lakini kidukari mdogo anapita kwenye 0.9 kama mtu anavyopita kwenye geti. Inzi mweupe anahitaji neti ambayo wauzaji huiita meshi 50, yenye tundu la upana wa milimita 0.27 hivi. Thripsi, kadudu kembamba kuliko wote hawa, anahitaji ndogo zaidi, chini ya 0.2, na hiyo inaziba hewa sana.

Jina kwenye karatasi ya muuzaji lisikutoshe. Laza rula juu ya neti, hesabu nyuzi ndani ya inchi moja. Zikiwa 50 upande mmoja, ni meshi 50. Nimeshahesabu 32 kwenye neti iliyouzwa kama 50.

Sababu nyingine ni sisimizi wanaobeba na kulinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wao, kwa hiyo tafuta njia yao na uikate. Na nguo yako: inzi weupe huvutwa na rangi ya njano, basi usiingie na fulana ya njano ukiwa umetoka kwenye shamba lililoathirika. Rangi hiyohiyo itumie kuwanasa. Kipande cha plastiki ya njano kilichopakwa grisi, kikining'inizwa usawa wa ncha za mimea, kinakuambia mapema kama wameingia.

Vidukari vichache viondoe kwa maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Jaribu kwanza jani moja, subiri siku moja, kisha pulizia chini ya majani jioni.

Ukiona nyanya majani ya juu yamejikunja kama kikombe, yamekuwa madogo na ya njano pembeni, na mmea umedumaa, huo si uharibifu wa kuliwa. Ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Wakulima wengi huuita rasta. Hauna dawa. Ng'oa mmea wote ukiwa umeufunika kwa mfuko ili inzi wasiruke, ufukie au uchome. Ikiwa zaidi ya mimea michache imeonyesha dalili, mwite afisa ugani kabla ya kununua dawa yoyote.

Dalili: mimea imestawi, maua mengi, matunda hakuna

Tango, boga, tikiti maji na mamung'unya vina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Lazima nyuki wabebe chavua. Ukifunga neti moja kwa moja, unapata majani mazuri na vitango vinavyogeuka njano vikiwa na ukubwa wa kidole gumba, kisha vinaanguka. Nilisimama asubuhi moja kwenye tuta langu la matango nikamtazama nyuki mmoja. Alitua kwenye neti mbele ya ua lililofunguka, akatembea juu ya uzi kwenda kushoto, akarudi kulia, akajaribu kuingiza kichwa, akaruka, akatua tena palepale. Nilifungua neti siku hiyohiyo.

Kwa mazao haya, neti ni ya wiki za mwanzo tu, kabla ya maua. Ua la kwanza la kike likifunguka (lina kijitunda nyuma yake), fungua kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kisha ufunge. Au chukua ua la kiume, chuna petali zake, papasa kwa upole ndani ya ua la kike, asubuhi hiyohiyo. Kuna mbegu za matango zinazozaa bila uchavushaji. Muulize muuza mbegu, na ukizipata funika bila wasiwasi.

Nyanya, pilipili hoho na bilinganya hujichavusha, ila zinahitaji mtikisiko ambao upepo na nyuki huutoa. Ndani ya neti gonga kamba za kusimikia kila siku asubuhi. Kama unagonga na bado maua yanadondoka, ni joto. Nyanya hushindwa kushika matunda joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35, na neti ya meshi 50 hupunguza hewa sana. Ning'iniza kipimajoto kivulini ndani. Inua kuta hadi mita 2 au zaidi, acha nafasi kati ya mistari, na kama uko pwani au bondeni kwenye joto, fikiria neti ya tundu kubwa zaidi na ukubali kupambana na vidukari kwa mkono.

Dalili: miche inaanguka, majani yana ukungu

Miche inayolala shingo ikiwa nyembamba na nyeusi usawa wa udongo ina kinyausi. Unyevu umekaa. Chini ya neti maji hukauka polepole, kwa hiyo ratiba ya kumwagilia ya shamba la wazi haifai. Chomeka kidole, kikitoka na udongo uliogandamana, acha. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Punguza miche. Kwenye nyanya, wakati wa masika au baridi ya Juni na Julai, mabaka ya kahawia yenye ukingo wa majimaji na utando mweupe chini ya jani ni bakajani chelewa, na shamba zima linaweza kwenda kwa siku chache. Fungua pande ipite hewa, toa majani ya chini yote yanayogusa udongo, na usisubiri kumpigia mtaalamu.

Dalili: neti inapasuka au inakuwa unga

Tundu lenyewe hueleza. Nyuzi zilizokatwa safi karibu na ardhi ni panya. Mpasuko mrefu kwenye maungio ni upepo. Neti inayokatika kwa kuvutwa kidogo, ikiacha unga vidoleni, imeuawa na jua, maana yake haikuwa na kinga ya mionzi au imeishiwa. Nzuri hukaa miaka 3 hadi 5. Dawa zenye salfa na klorini huila kinga hiyo, basi ukipulizia salfa kwa ajili ya ubwiri unga, kunja neti kwanza. Pia neti hufa haraka pale inapolalia chuma chenye kutu na moto wa jua. Viringisha chuma kwa kitambaa cheupe au kipake rangi nyeupe.

Kusi kikianza, kagua vigingi vya kona kila wiki. Kuta ndefu kuliko mita 3, au chochote kinachosimama karibu na nyaya za umeme, waachie mafundi. Usipande ngazi na neti mkononi upepo ukivuma.

Na vyandarua. Naombwa ruhusa kila mara, na jibu langu ni hapana. Chandarua cha kulalia kina matundu makubwa kuliko inzi mweupe, kidukari na thripsi, kina dawa isiyokusudiwa kwa mboga unayokula, na mtoto aliyevuliwa chandarua anapata malaria.

Msimu ukiisha, fua neti kwa maji na sabuni ya kawaida bila jiki, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, iviringe kwenye mwanzi na uitundike darini mbali na panya. Kabla ya kuiweka tena mwakani, ishike dhidi ya mwanga, nusu mita baada ya nusu mita, na ushone kila tundu unaloliona hapo hapo.